Vumbi la Mererani Lina Mwenyewe

Fundi wa kukata vito mjini Arusha hawezi hata siku moja kuisogeza tanzanaiti kwenye gurudumu kavu. Jiwe hilo halistahimili joto la ghafla. Likichemka kwa msuguano hupasuka, na fedha ya mwenye mali hupasuka nalo. Kwa hiyo maji hutiririka juu ya gurudumu tangu kazi inapoanza hadi inapokwisha, wala hakuna tajiri wa vito aliyepata kulalamika kwamba maji hayo ni gharama. Lakini kijana aliyelitoa jiwe hilo ardhini kule Mererani, kusini ya uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, aliutoboa mwamba ukiwa mkavu, kwa mashine iendeshwayo kwa upepo wa kompresa, ndani ya shimo lenye kina cha mamia ya mita, huku vumbi likimrudia usoni na kifuani. Jiwe limepewa maji. Mapafu hayakupewa.

Hiyo ndiyo hali, na hapana sababu ya kuifunika kwa maneno laini. Tofauti kati ya gurudumu la Arusha na mashine ya Mererani si tofauti ya elimu wala ya ufundi. Jiwe likipasuka, hasara ni ya mwenye jiwe. Pafu likiharibika, hasara ni ya mchimbaji, ya mkewe na watoto wake, na mwishowe ya hospitali ya umma.

Tanzanaiti iligunduliwa mwaka 1967, mwaka ule ule lilipotangazwa Azimio la Arusha. Mwaka uliofuata kampuni ya Tiffany ya New York ililipa jiwe hilo jina la nchi yetu na kuanza kuliuza kwa matajiri wa dunia. Mpaka leo halijulikani kupatikana mahali pengine popote duniani kwa kiasi cha kuchimbwa kwa biashara, ila katika eneo la kilomita chache za mraba wilayani Simanjiro, eneo lililokuwa la Mkoa wa Arusha mpaka Mkoa wa Manyara ulipoundwa mwaka 2002. Mwaka 1990 eneo hilo liligawanywa katika vitalu vinne, na Vitalu B na D vikawa vya wachimbaji wadogo. Vijana wanaoshuka katika mashimo hayo huitwa wana-Apolo, jina ambalo wengi hulihusisha na safari za Wamarekani za kwenda mwezini. Tofauti ni kwamba wale waliokwenda mwezini walibebeshwa hewa ya kuvuta.

Taifa limekwisha kulia kwa ajili ya Mererani. Lililia mwaka 1998 mafuriko yalipoyajaza mashimo, likalia mwaka 2002 watu walipokosa hewa chini ya ardhi, likalia tena mwaka 2008 mvua ilipoyajaza mashimo mara nyingine. Kila mara makumi ya watu walipotea, viongozi wakaenda, magazeti yakaandika, amri zikatolewa. Maafa ya namna hiyo yana siku yake, yana picha yake, na yana idadi yake. Vumbi halina siku. Linaua mtu mmoja mmoja, mbali na mgodi, miaka mingi baadaye, nyumbani kwa wazazi wake Arumeru, Babati, Kondoa au Rombo, na majirani wanaomzika husema kwamba alikuwa na kifua. Hakuna bendera inayoshushwa nusu mlingoti kwa sababu ya kifua.

Ni vyema mwalimu na mtumishi wa umma wakaelewa kinachotokea ndani ya kifua hicho, maana mambo mengi ya kijinga yamesemwa juu yake. Miamba ya Mererani ni ya kale sana, nayo ina kinywe na ina kwatsi. Kinywe ndicho kinachoonekana: humfanya mchimbaji atoke shimoni mweusi anayeng'aa, akatema makohozi meusi kwa siku kadhaa, na kwa sababu weusi huo huoshwa kwa sabuni, yeye mwenyewe hudhani kwamba uchafu umekwisha. Adui ni yule asiyeonekana. Kwatsi ikisagwa na ncha ya mashine hutoa chembe za silika ndogo mno, ambazo nywele za pua haziwezi kuzizuia wala kikohozi kuzitoa. Hushuka mpaka kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu. Huko askari wa mwili huzimeza wakidhani ni vijidudu, nazo huwaua. Wakifa huziachia tena, na wengine huja kuzimeza. Kila palipotokea vita hiyo hubaki kovu. Pafu lililokuwa laini kama sifongo huanza kukakamaa.

Huo ndio silikosisi. Hauna dawa. Mtu anaweza kuuanza baada ya miaka kumi ya kazi, au mapema zaidi vumbi likiwa kali, na ukishaanza huweza kuendelea hata kama ameacha mgodi na kurudi kulima. Tena ndugu yake wa karibu ni kifua kikuu, kwa kuwa mapafu yenye silika hushindwa kuwazuia vijidudu vyake, na hatari ya kukipata huongezeka mara kadhaa. Hapo ndipo linapozuka kosa ambalo limewagharimu wengi: mchimbaji mwenye silikosisi anakohoa, anakonda, anabanwa pumzi, makohozi yake hayaonyeshi kijidudu chochote, lakini picha ya kifua ina madoa, basi anaanzishiwa dawa za kifua kikuu. Anazimaliza, hapati nafuu, anaanzishiwa tena. Katika daftari anaandikwa mgonjwa wa kifua kikuu aliyerudiwa na ugonjwa. Mgodi haumo katika daftari hilo.

Asije mtu akasema kwamba mambo haya hayajapimwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bergen cha Norway pamoja na wenzao wa Muhimbili walishuka Mererani na vipimo vyao, na matokeo yakachapishwa mwaka 2003. Wakati wa kuchoronga, kulipua na kupakia, walikuta vumbi lifikalo ndani ya mapafu likizidi miligramu 15 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, na ndani ya vumbi hilo silika yenyewe ilikuwa kama miligramu 2. Marekani, ambayo haina sifa ya kuwadekeza wafanyakazi, iliweka mwaka 2016 kikomo cha silika kuwa miligramu 0.05 kwa wastani wa saa nane za kazi. Hesabu hiyo mwalimu wa darasa la sita anaweza kuwapa wanafunzi wake: ni mara arobaini. Baadaye wataalamu wa Hospitali ya Kibong'oto wilayani Siha, iliyoanza mwaka 1926 kwa kazi ya kifua kikuu, nao wamewapima wachimbaji wa Mererani na kuandika katika majarida ya kitaalamu kwamba vumbi bado limepita kiasi na kwamba silikosisi ipo miongoni mwao. Zaidi ya miaka ishirini, basi, taarifa zimekuwa mezani. Kilichokosekana ni mtu wa kuulizwa.

Na kwa nini hakuna wa kuulizwa? Hapa ndipo penye kiini cha jambo lenyewe.

Katika mashimo mengi ya wachimbaji wadogo mwana-Apolo hapewi mshahara. Mwenye leseni, au mfadhili wake, hutoa chakula, mashine, mafuta na baruti. Mchimbaji hutoa nguvu zake. Jiwe likionekana, wanagawana, na fungu la anayeshuka shimoni ni dogo. Lisipoonekana kwa miezi sita, basi kijana amefanya kazi miezi sita kwa ugali na maharage. Mpango huo husifiwa kwamba ni ushirika na udugu. Ukitazamwa kwa macho ya sheria ni kitu kingine kabisa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtwika mwajiri wajibu wa kumlinda mfanyakazi na kuhakikisha anapimwa afya. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015, hupokea kwa kila mwajiri mchango unaohesabiwa kwa asilimia ya mishahara anayolipa. Sasa, asilimia ya mshahara usiokuwapo ni ngapi? Neno moja tu, kwamba mwana-Apolo si mwajiriwa bali ni mshirika, linatosha kuzifunga sheria hizo mbili nje ya mgodi. Mwenye leseni hana mwajiriwa, kwa hiyo hana mgonjwa.

Ushirika huo ni wa ajabu. Katika ushirika wa kahawa wa Meru, mwanachama hujua bei, hupiga kura, huiona hesabu, na mvua isiponyesha wote hukosa pamoja. Katika ushirika wa mgodini, mmoja ana leseni na mwingine ana kikohozi. Ikiwa kweli hawa ni washirika, basi na wagawane vumbi kama wanavyogawana jiwe: mwenye leseni na ashuke naye achoronge zamu yake. Ikiwa hashuki, huyo ni mwajiri, na aitwe hivyo.

Wenye mashimo wanazo hoja zao, na si haki kuzipita kimya. Ya kwanza ni kwamba Simanjiro ni nchi kame, kwa hiyo kuchoronga kwa maji hakuwezekani. Hoja hii inastaajabisha kwa watu ambao mashimo yao yamezama zaidi ya mara moja. Lakini hata tukiiacha mafuriko upande, mashine ya kuchoronga kwa maji haihitaji mto. Inahitaji lita chache kwa dakika, zikipitishwa katikati ya chuma hadi kwenye ncha, ili vumbi life kabla halijazaliwa. Mashine ya namna hiyo ilibuniwa Marekani kabla karne ya 19 haijamalizika. Kompresa ifanyayo kazi Mererani ni ghali kuliko tangi la maji na mpira wake. Wala maji hayako mbali kiasi kinachodaiwa. Mito ya Usa, Themi na Maji ya Chai, inayoshuka kutoka Mlima Meru, huungana katika Kikuletwa, nao Kikuletwa hupita katika tambarare hizo hizo kwenda bwawa la Nyumba ya Mungu. Wafugaji wa Simanjiro wanajua thamani ya maji hayo, na hakuna anayetaka yanyang'anywe ng'ombe wao. Lakini shimo linaloweza kuagiza baruti kutoka mbali linaweza kuagiza boza la maji.

Kuchoronga kikavu mahali penye maji karibu si uvumbuzi wa Mererani. Katika jimbo la West Virginia nchini Marekani, miaka ya 1930 na 1931, kampuni moja ilitoboa handaki kwenye mlima wa silika ili kupitisha maji ya mto. Wengi wa wafanyakazi walikuwa watu weusi waliokimbia njaa ya Kusini. Mto ulikuwa pale pale, lakini kuchoronga kikavu kulikwenda haraka zaidi, basi wakachoronga kikavu. Mamia walikufa, wengine baada ya miezi michache tu ya kazi. Mwaka 1936 Bunge la Marekani likakaa kusikiliza mashahidi, wakati makaburi yamekwisha kuota majani.

Hoja ya pili ni ya barakoa. Husemwa kwamba wachimbaji wamegawiwa barakoa nao hawataki kuzivaa. Hufanywa semina, hugawiwa barakoa za kitambaa au karatasi, hupigwa picha, na kila mmoja hurudi kwake akiridhika. Chembe ya silika hupita katika kitambaa kama mbu apitavyo katika wavu wa kuvulia samaki. Barakoa inayofaa kweli ni ya namna nyingine, ina vichujio vya kubadilishwa na lazima ishike uso barabara. Na katika shimo lenye joto kali na hewa haba, mtu anayepiga mwamba kwa saa kadhaa hawezi kupumua vizuri ndani yake. Kila mtaalamu wa usalama kazini hufundishwa jambo hili mwanzoni kabisa: barakoa ni ya mwisho. Kwanza huzuiwa vumbi lisitoke, kwa maji. Halafu hewa chafu hutolewa na hewa safi huingizwa, kwa feni na mabomba. Halafu watu hukatazwa kurudi mahali palipolipuliwa mpaka vumbi litulie. Hayo yote yakishafanyika, masalio ndiyo ya barakoa. Kuanza na barakoa ni kumpa mchimbaji lawama aibebe pamoja na nyundo.

Ya tatu husemwa kwa sauti ya chini: kwamba vijana hao hawakulazimishwa, walikwenda kwa tamaa ya utajiri. Ni kweli kwamba mwezi Juni 2020 mchimbaji mdogo wa Simanjiro aliiuzia Serikali mawe mawili, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, kwa shilingi zaidi ya bilioni 7.7, na habari hiyo ilienea nchi nzima kama moto wa nyikani. Kila mwalimu aliyefundisha karibu na Mererani anaijua nguvu ya habari za namna hiyo juu ya mtoto wa darasa la saba. Kulikuwa na watoto walioitwa nyoka, kwa kuwa miili yao midogo ilipita mahali ambapo mtu mzima hapiti. Mapafu yao yalianza kupokea silika kabla hayajamaliza kukua. Lakini tamaa ya kijana haimpi mtu mwingine ruhusa ya kumlisha mawe kwa njia ya pua. Mkulima naye hulima kwa kutumaini mavuno.

Watanganyika walikwisha kuyaona mambo haya zamani, na katika nchi ya ukaburu. Kabla ya Uhuru vijana wa mikoa ya kusini waliandikishwa na Wenela kwenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini, na wapo waliorudi na kifua. Makaburu hawakuwa na huruma kwa mtu mweusi. Sheria zao za ugonjwa wa vumbi, zilizoanza kutungwa tangu mwaka 1911, zilimjali kwanza mzungu. Lakini walikuwa na daftari. Kila aliyeshuka mgodini aliandikwa jina, mgodi na muda. Kwa sababu hiyo, mwezi Julai 2019, Mahakama Kuu ya Johannesburg iliidhinisha makubaliano ambayo kwayo makampuni sita ya dhahabu yalikubali kulipa fidia ya randi bilioni 5 hivi kwa wachimbaji wenye silikosisi na kifua kikuu, na kwa warithi wa waliokufa, kuanzia wale waliofanya kazi tangu mwaka 1965. Fidia ilichelewa mno, lakini mjane wa Lesotho aliweza kuonyesha kwamba mumewe alikuwapo. Mjane wa mwana-Apolo ataonyesha nini? Hana mkataba, hana hati ya mshahara, hana picha ya kifua ya siku ya kwanza ya kazi. Mumewe alikuwa mshirika.

Wala haiwezi kusemwa kwamba dola haina uwezo wa kuingilia Mererani. Mwaka 2017 iliamuliwa kwamba mawe yanatoroshwa, na mwezi Aprili 2018 ukuta wa kilomita 24.5 uliojengwa na vijana wa jeshi ulizinduliwa. Hakuna aliyesema kwamba Simanjiro ni mbali au kwamba saruji ni ghali. Sasa wanaoingia na kutoka hupita langoni na kukaguliwa mwilini, jiwe lisije likafichwa mfukoni. Ukaguzi huo ni halali, kwa kuwa mali ni ya taifa. Lakini mtu huyo huyo anayepekuliwa mifuko hupita langoni akiwa na silika kifuani, na hakuna anayemwuliza. Kumbe lango lile ndilo mahali pazuri kuliko pote nchini pa kuanzia kazi hii! Hakuna mgodi mwingine wa wachimbaji wadogo ambao watu wake wote wamekusanywa ndani ya ukuta. Pawekwe hapo mashine ya picha za kifua. Kila mwenye kushuka shimoni apimwe kabla ya kuanza na kila mwaka baadaye, jina lake liandikwe, na shimo analofanyia kazi liandikwe, na aliyempeleka shimoni aandikwe.

Fedha zipo. Vito hulipiwa mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Ikiwa mwenye leseni hana mshahara wa kukatwa mchango wa fidia, basi mchango na ukatwe kwenye jiwe lenyewe, pale pale linapothaminishwa, kabla halijagawanywa. Jiwe halina ujanja wa kujiita mshirika. Kanuni ya namna hiyo inaweza kuandikwa na maofisa wachache wa Wizara ya Kazi na Wizara ya Madini wakiketi pamoja juma moja, nao ni miongoni mwa wasomaji wa ukurasa huu.

Ofisa wa madini anayehuisha leseni anayo kalamu yenye nguvu kuliko semina mia. Aulize jambo moja: hapa mnachoronga kwa maji au kikavu? Jibu likiwa kikavu, kalamu ibaki mezani. Na mganga anayempokea mgonjwa wa kifua asiyeponywa na dawa, awe Arusha mjini au katika zahanati ya kijijini, amwulize alifanya kazi gani, akaandike jibu hilo kwenye kadi. Inafaa kusemwa kwa haki kwamba si kila vumbi la mkoa huu ni la aina moja: moramu na mawe yanayochimbwa kwenye miteremko ya Meru ni ya volkano, miamba isiyo na kwatsi, na hatari kubwa ya machimbo hayo ni ukuta wa udongo kuanguka, kama ulivyoanguka Moshono mwaka 2013 ukaua watu. Kwa sababu hiyo haitoshi kuandika kwamba mgonjwa ni mchimbaji. Iandikwe alichimba wapi, kwa miaka mingapi, na katika shimo la nani.

Mwaka 1995 Shirika la Kazi Duniani na Shirika la Afya Duniani yaliweka shabaha ya kuufuta silikosisi ulimwenguni ifikapo mwaka 2030. Kijana aliyeanza kuchoronga Mererani siku ya kuzinduliwa ukuta atakuwa, mwaka huo, ametimiza miaka kumi na miwili ya vumbi.